Aliyevuka kwa Mkia wa Ng'ombe

Nianze na upumbavu wangu, mengine yafuate. Nililala kaburini. Kaburi lenyewe halikuwa langu, lilikuwa la bibi aliyekuwa anauza samaki wa kubanika mtaa wa pili kutoka kwetu, hapa Mlabani, Ifakara. Jeneza lilikuwa bado limekaa juu ya magogo mawili, katekista bado analamba kidole atafute ukurasa, na mimi huko chini nimejinyoosha chali, begi la shule nimelifanya mto, nawauliza vijana waliochimba kwa nini hawakuweka soketi ya kuchajia simu.

"Nyumba nzuri," nikawaambia, "ila giza. Na dalali wake ni mimi. Bila kodi ya miezi sita humu hapangi mtu."

Watu wakacheka. Hilo nataka lijulikane, maana baadaye kila mtu alijifanya alikuwa amenuna. Hata mjukuu wa marehemu, ambaye tangu asubuhi alikuwa anashikwa huku na huku asianguke, alicheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani.

Nilikuwa kazini. Msiba wa huku usipokuwa na mtani, watu wanarudi nyumbani wanalalamika. Mtani ndiye anayezuia jeneza, anayemuigiza marehemu mbele ya watoto wake, anayedai chake ndipo mazishi yaendelee. Mtani wetu wa mtaa, mzee mmoja Mngoni fundi baiskeli, alikuwa amelazwa, nikaona nafasi iko wazi. Wafiwa walikuwa Wandamba. Mimi kwa baba ni Msukuma, na Msukuma kwenye msiba wa Wandamba ni mtu wa kukaa kwenye kiti, kutoa pole na kula wali. Lakini kwa mama ni Mngoni. Ndivyo nilivyokua nikiambiwa: babu mzaa mama, anayelima mpunga Chita, ni Mngoni wa vita, na babu yake yeye alikuwa askari aliyekuja kulipiga bonde hili zamani zile za mikuki. Waliopigana zamani ndio wanaotaniana leo. Nikachagua upande wenye burudani.

Na niseme lingine, maana linahusika. Tangu baba afariki, mwaka juzi, mimi msibani sisikii kitu. Ni kama ukitoka kung'olewa jino: mdomo upo, unaugusa, haujibu. Siku ya kumzika baba nilihesabu mabati ya nyumba ya jirani. Kwa hiyo nikiingia kaburini kuchekesha watu, sijikazi. Kwangu ni shimo tu.

Nikainuka nikachuchumaa humo shimoni, kama bibi alivyokuwa anachuchumaa nyuma ya beseni lake barazani. Nikabana pua.

"Usibonyeze! Huyo samaki si embe! Ukimbonyeza umemuoa!"

Ilikuwa sauti yake kabisa. Wanawake wakapiga makofi.

"Na nyongeza, bibi?" akauliza kijana mmoja mwenye jembe, akinisaidia.

"Nyongeza kaombe mtoni! Mto unakujua, mimi sikujui!"

Hapo walicheka kuliko pote, kwa sababu ilikuwa kweli. Mlabani nzima inajua kwamba bibi yule hakuwahi kumwongezea mtu hata mkia. Ungenunua fungu zima la kambale, angekuhesabia, angekufungia, angekuangalia uondoke. Watu walikuwa wanasema mizani ingekuwa na aibu kuliko yeye.

Ndipo mdogo wake marehemu akanyoosha mkono watu wanyamaze. Mzee mwembamba, kofia ya sufi wakati wa joto, alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki ambacho mguu mmoja ulikuwa unazama kwenye tope polepole.

"Mtani," akasema, "umetuchekesha. Marehemu angekurushia beseni. Sasa jitaje, tukulipe. Unatoka mlango gani, ukoo upi?"

Hiyo ni haki yao. Mtani halipwi hewani, lazima aseme yeye ni wa nani. Na mimi nilikuwa nimejiandaa. Babu wa Chita alinifundisha majigambo ya ukoo kila likizo nikiwa mdogo, wakati wajukuu wa wenzake wanahadithiwa sungura na fisi. Nilikuwa nayajua kama wimbo wa taifa, na maana yake nilikuwa naifikiria kama ninavyoifikiria ya wimbo wa taifa. Nikasimama, tope hadi kwenye soksi, nikapiga kifua:

"Mimi ni wa yule aliyevuka mto ameshika mkia wa ng'ombe! Aliyeanza na ngao, akamalizia na bunduki! Aliyeacha kidole vitani, vilivyobaki vikamtosha kula! Aliyeoa ana njaa, akaoa tena ameshiba!"

Majigambo yetu yanaishia hapo. Nikanyoosha mkono nipewe changu.

Mzee hakucheka. Alivua ile kofia, akaiweka gotini. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayemsaidia mwenzake kumalizia sentensi:

"Wa njaa akaondoka naye. Wa shibe akamwachia majivu, na mtoto mgongoni."

Nikamwangalia. Yale maneno yalikuwa na mwendo uleule, pumzi ileile. Yalikaa kwenye yangu kama kifuniko kwenye sufuria yake.

"Nani alikufundisha hayo?" akaniuliza.

"Babu. Mzaa mama. Yuko Chita."

"Toka humo, mjukuu wangu," akasema. "Wewe si mtani. Wewe ni mfiwa."

Hakuna mtu aliyenivuta. Nilipanda mwenyewe, nikateleza, nikapanda tena. Begi lilibaki chini, kijana wa jembe akalitupa juu bila kuniangalia. Katekista alikuwa ameshaupata ukurasa. Bibi akashushwa pale nilipokuwa nimelala, na umbo langu bado lilikuwepo kwenye udongo, mabega na yote. Mtu wa ndani ya nyumba hachezi na maiti yake. Anakaa chini, ananyolewa, analia. Kila mtu pale alikuwa analijua hilo, na ndiyo maana kila mtu alikuwa anatazama miguu yake.

Mama alikuwa upande wa wanawake. Alikuja kama jirani, na ndoo ya mchele. Baada ya kaburi kufukiwa, mzee alimwita pembeni, na mimi nikiwa nimesimama hapo nanuka shimo.

"Mama, shikamoo yako niliipokea asubuhi kama ya jirani," akamwambia. "Sasa sijui niipokee vipi. Keshokutwa tunaanua tanga. Kaulize kwenu. Kama ni kweli mtoto huyu ni wa mlango ule, uje uingie ndani, ukae na wafiwa. Kama si kweli, basi ameingia kaburi la watu bila haki. Utakuja na mbuzi, tutayamaliza mlangoni."

"Nimekusikia, baba," mama akasema.

Njiani nilijaribu kumwambia kwamba mbuzi siku hizi wanauzwa hata kwa simu, hakucheka.

Ili umwelewe mama, lazima ujue msiba wa baba. Baba alikuwa mtu wa kanda ya ziwa, alikuja huku kijana akifuata ng'ombe wa kaka zake. Alipofariki, kwao walijaza basi zima na Noah mbili. Walilala uani, walilala sebuleni kwa jirani, walipika kwenye masufuria ya kukodi. Upande wa mama ulitandikwa mkeka mmoja. Aliukalia yeye, na babu akaja jioni akakaa kidogo kwenye ukingo, kama mtu anayesubiri gari. Basi. Mama ni mtoto pekee, mama yake alifariki yeye akiwa mchanga. Shangazi mmoja wa upande wa baba, anayependa kuongea akila, aliuangalia ule mkeka akasema, "Maskini, mwanamke hana hata wa kumshika mkono." Alisema kwa huruma. Mama alisikia. Tangu hapo mama ana sentensi yake, anaitumia kwa kila kitu, hata akikataa mkopo wa kikundi: mimi sina mtu Ifakara.

Jioni ile alikaa kwenye cherehani yake, anashona sare za watoto wa shule ya msingi, akaniambia bila kugeuka:

"Kesho huendi shule. Unakwenda Chita."

"Tumpigie simu."

"Ukimpigia atasema chaji imeisha. Na mimi binti yake hawezi kunijibu mambo hayo. Wewe mjukuu wake, wewe ndiye unayeweza kumuuliza ujinga wowote." Akakata uzi kwa meno. "Muulize kitu kimoja tu. Tuna mtu hapa, au hatuna."

Tulikula samaki. Walikuwa wa mwisho wa bibi yule, mama alikuwa amewanunua kabla bibi hajaugua. Mimi wawili, mama mmoja, kama kawaida yetu.

Treni isingepita mpaka siku ambayo isingenisaidia, kwa hiyo asubuhi nilipanda Noah, nikashuka Chita, nikatembea mpaka shambani. Mpunga ulikuwa umeanza kuinama. Babu alikuwa juu ya dungu lake, jukwaa la miti lenye paa la nyasi, anaamia ndege. Ametandaza kamba shamba zima, amefunga makopo ya mafuta ya kula, akivuta kamba moja makopo yanalia na kwelea kwelea wanaruka kama moshi. Msimu wa kuvuna ukikaribia babu anaishi huko juu. Anashuka kwa haja tu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Nani kafa?"

"Kwa nini lazima awe amekufa mtu?"

"Mama yako hawezi kukutorosha shule kwa sababu ya harusi."

Nikapanda. Nikamwambia amekufa bibi aliyekuwa anauza samaki Mlabani. Babu akavuta kamba. Makopo yakalia shamba zima. Ndege hawakuwepo.

Nikamsimulia lote, na soketi, na dalali. Alicheka kwenye dalali. Nilipofika kwenye maneno ya mzee, wa shibe akamwachia majivu, aliacha kucheka, ila mdomo uliendelea kukaa vile vile, kama mtu aliyesahau kuufunga.

"Babu," nikasema, "yule wa mkia wa ng'ombe. Alikuwa anavuka kutoka wapi kwenda wapi?"

"Unauliza nini wewe?"

"Mto una pande mbili. Uliniambia alikuja na ngao. Sasa nauliza, mkia aliushika akija au akienda?"

Akavuta kamba nyingine. Kisha akanionyesha kusini kwa kidevu.

"Akienda," akasema.

Akanisimulia huku macho yake yakiwa kwenye mpunga, na kila akifika pagumu ndege walikuwa wanakuja, au yeye alikuwa anawaona. Babu yake yeye, yule wa mkia, hakuwa Mngoni. Alizaliwa humu humu bondeni, upande wa Ifakara, Mndamba wa kawaida, mtoto wa watu wa samaki na mpunga. Wangoni walipopita kuchukua chakula na watu, walimchukua akiwa mdogo kuliko mimi. Ng'ombe walikuwa wamewateka kwingine. Walipofika mtoni watoto waliambiwa kila mmoja ashike mkia, atakayeachia, shauri yake na mto.

"Yeye hakuachia," babu akasema. "Ushujaa wenyewe ndio huo."

"Kwa hiyo hakuteka mtu."

"Alitekwa."

"Na siku hizi kuna daraja pale," nikasema. "Angesubiri kidogo angevuka na bodaboda."

"Kaa kimya."

Nikakaa kimya. Huko Ungoni alimbebea ngao bwana wake, halafu akapewa yake. Alikula kama wao, akasema kama wao, kidole kikabaki kwenye vita vyao. Wakampa mke wakati wa njaa, kwa sababu nyumba ya yule binti ilikuwa haina cha kumlisha. Huyo ndiye wa kwanza, bibi yake babu. Kisha Mdachi akaja anatafuta askari, mtu yeyote anayejua kutembea na kutii. Yeye vyote viwili alikuwa amefundishwa tangu mtoni. Akaacha ngao, akachukua bunduki, na Mdachi akamleta na mke wake mpaka boma la Mahenge. Siku moja akatumwa na wenzake Ifakara. Akauona mto, akaujua.

"Akawakuta ndugu zake?"

"Akakuta watu. Aliowaacha hawakuwepo. Waliokuwepo waliona askari." Babu alikuna mguu. "Akaoa pale. Alikuwa analipwa, alikuwa ameshiba. Huyo ndiye wa pili. Nadhani alitaka na yeye awe na kwao."

Vita vya Maji Maji vilipokuja, askari waliambiwa wachome chakula. Hilo tulisoma, lipo kwenye somo la historia, nililijibu kwenye mtihani nikapata. Mwalimu hakutuambia kwamba ghala moja lilikuwa la mkwe wa mmoja wa askari, na kwamba binti wa nyumba ile alikuwa amesimama uani, mtoto mgongoni, anamwangalia mume wake akija na kijinga cha moto.

"Angekataa angepigwa risasi," babu akasema.

"Alikataa?"

Babu akanigeukia. "Mbona wewe upo?"

Hakurudi tena kwa mke yule. Aliona haya, au aliogopa, babu hajui. Yule mke alimlisha mtoto mizizi ya porini na mtoto akapona. Askari akazeeka na mke wa njaa, na alipofariki, mke wa njaa akawahamisha watoto huku magharibi, akawakalisha chini akawaambia: mkiulizwa, ninyi ni Wangoni. Babu aliyasema maneno yale kama anavyosema majigambo, bila kupumzika: "Mngoni huku atachekwa, basi. Askari wa Mdachi hatachekwa."

Nilielewa. Nilikaa pale juu ya dungu nikaelewa, kama unavyoelewa hesabu baada ya mwalimu kuifanya ubaoni. Ukoo mzima ulikuwa umejificha ndani ya utani. Tumechekwa zaidi ya miaka mia, tumepewa sahani za wali misibani, tumeitwa wala mbwa, tumefurahi. Nilisubiri nisikie kitu. Nilisikia mbu.

"Bibi wa samaki alikuwa anajua?"

"Alikuja hapa," akasema. "Mwaka ule mama yako alipoolewa akahamia Mlabani. Alikuja na kambale kwenye kikapu. Akajitaja, akasema ile sehemu yao ya majigambo, amesimama hapo chini. Akasema, binti yako amekuja kukaa karibu na mimi, nifanyeje?"

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia amekosea nyumba. Akaniuliza tena, nifanyeje. Nikamwambia, wewe uza samaki wako."

"Kwa nini, babu?"

"Angetaka nimwombe radhi. Ningeanzia wapi?"

"Na kambale?"

"Alimwacha hapo kwenye ngazi."

"Ulimla?"

"Nilimla," babu akasema. Akavuta kamba.

Nilimwambia aje kwenye kuanua tanga. Akasema mpunga ukiachwa siku moja ndege wanamaliza. Ni kweli, wanamaliza. Niliposhuka alinipa ndoo ya mchele wa mavuno yaliyopita wa kupeleka, akanipa na ujumbe, akaufuta, akanipa mwingine, akaufuta na huo. Nikaondoka na mchele.

Mama nilimkuta kwenye cherehani, kama vile hakuwa ameondoka. Nikamwambia yote. Mimi ni mtu wa kuongeza chumvi, lakini siku ile sikuongeza, niliyasema kama orodha ya mzigo. Mguu wake uliendelea kukanyaga pedali mpaka nilipofika kwenye "wewe uza samaki wako". Hapo pedali ilisimama.

"Tuna mtu au hatuna?" akauliza.

"Tunaye. Alikuwa shangazi yako. Tumemzika jana."

Nilifikiri atanipiga kwa lile jibu. Alimalizia pindo la sketi aliyokuwa anashona, akaikunja, akaiweka juu ya nyingine.

Kesho yake alivaa kanga yake ya misiba, ile aliyoivaa kwa baba, akajitwika ndoo ya mchele wa babu. Mimi nilitembea nyuma. Mlangoni kwa wafiwa palikuwa na viatu vingi. Aliweka ndoo chini, akasimama pale ambapo majirani husimama, na nikaona kabisa kwamba angeweza kusimama hapo mpaka jioni.

Mzee wa kofia alikuwa uani. "Umeuliza?"

"Nimeuliza, baba." Mama akakaza kanga. "Ni mlango ule. Wa njaa."

"Basi umesimama wapi?"

Ndani mwanamke mmoja akasogea, mwingine akasogea, mkeka ukafunguka nafasi ya mtu mmoja. "Pita hapa, dada," yule mjukuu wa marehemu akasema, kisha akafikiri, akajirekebisha, "pita hapa, mama." Mama akaingia akakaa, akanyoosha miguu kama wenzake. Hakulia. Mmoja wao alimshika mkono, kwa mazoea tu, kama unavyomshika aliye karibu, akaendelea kuongea na mwingine. Mama aliuangalia ule mkono.

Mimi nilinyolewa uani, kwenye kigoda, na mzee mwenyewe, kwa wembe mpya na maji ya baridi. Aliniambia nitulie.

"Babu, nikinyolewa kodi yangu ya udalali inakuwaje?"

"Imekatwa kwenye nywele," akasema. Akasuuza wembe. "Hebu yaseme tena. Yote, mpaka mwisho."

Nikayasema. Mkia, ngao, bunduki, kidole, njaa, shibe, nikapitiliza pale tunapoishia, mpaka majivu na mtoto mgongoni. Alisikiliza kama mwalimu anayesikiliza mtoto akisoma kwa sauti. Nilipomaliza akaniosha kichwa, akaniambia mtoto yule wa mgongoni ndiye baba yake yeye na baba yake bibi wa samaki. Nikasema, ndiyo, nimepiga hesabu. Upepo ukapita juu ya upara wangu. Nilisubiri tena kuona kama kuna kitu kinakuja. Kilikuja kibaridi.

Jioni tukarudi nyumbani, mama amefungwa kitambaa cheusi mkononi kama wafiwa wengine. Njia yetu inapita mbele ya baraza ya bibi. Beseni lilikuwa limefunikwa kifudifudi, na jiwe alilokuwa anakalia lilikuwa palepale, limeng'aa katikati. Nilitaka kubana pua niseme usibonyeze, kwa mazoea. Nikafungua mdomo, nikaufunga.

Mama alisimama akalitazama lile beseni. Akasema:

"Alikuwa ananiongezea samaki mmoja. Kila nikija, tangu nilipoolewa, akinunua mtu mwingine haongezi, nikija mimi anaongeza. Ananiwekea chini kabisa ya fungu, wengine wasione. Nilidhani ndiyo biashara."